Kisima Kipya Kanda ya Ziwa? Haya Yaangalie Kabla Hujanywa

Umechimba kisima, maji yametoka, ndoo zimeshapangwa foleni. Subiri kwanza. Kama uko Geita, Mara au popote Kanda ya Ziwa kwenye mwamba wa dhahabu, usimpe mtu kikombe kabla hujasoma hii.

Choo kiwe mbali, hilo unalijua. Mfuniko uwe na kufuli. Mwalo wa kuoshea dhahabu na rundo la marudio (mabaki ya mawe yaliyosagwa na kuoshwa) visiwe upande wa juu wa mteremko. Na usidhani sumu ya machimbo ni zebaki tu: dhahabu ya huku mara nyingi imelala pamoja na jiwe lenye aseniki, na maji ya ardhini yanaweza kuibeba hata mahali ambapo hakuna aliyewahi kuchimba duara, yaani shimo la dhahabu.

Sasa cheti. Hapa ndipo tulipoumia.

Baba mkubwa alichimbiwa kisima mwaka 2011. Fundi akaleta karatasi ya maabara yenye muhuri: maji ni salama kwa matumizi ya binadamu. Tukaitia kwenye fremu, ikakaa ukutani karibu na picha ya harusi. Hakuna aliyesoma ni nini hasa kilichopimwa. Bakteria, chumvi, tope, basi. Aseniki haikuwamo, maana hakuna aliyeiomba wala kuilipia. Mama mkubwa naye, kwa usafi wake, alichemsha kila tone. Aseniki haifi kwa moto, haikuwa hai hata kidogo. Maji yakipungua kwa mvuke, yenyewe inabaki sufuriani, ikiwa kali zaidi.

Mwaka 2018 mzee akatokwa na mabaka kifuani, meusi na meupe, kama matone ya mvua ya kwanza kwenye barabara ya vumbi. Viganja vikaota vinundu vigumu. Tukasema ni sugu za jembe. Na nyayo je, mtu aliyelima na buti maisha yake yote? Duka la dawa likatuuzia mafuta ya fangasi, tyubu baada ya tyubu. Daktari wa ngozi ndiye aliyeuliza, "Mzee, mnakunywa maji ya wapi?" Tukapeleka maji yapimwe tena, safari hii kwa kutaja jina la sumu. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi mikrogramu 10 kwa lita. Ya kwetu yalizidi mara kadhaa.

Kwa hiyo: andika "aseniki" kwenye fomu kwa mkono wako, na chukua chupa ya sampuli kutoka maabara yenyewe. Kisima cha jirani kuwa safi hakikuhusu. Huko Bangladesh, ambako mamilioni ya visima yalichimbwa ili watu waache maji machafu ya madimbwi, sumu ilithibitishwa mwaka 1993, na pampu zikapakwa rangi: nyekundu usinywe, kijani kunywa. Nyekundu na kijani zilikutwa kijiji kimoja.

Ndani ya seli aseniki inafanyaje? Aina moja, aseneti, inafanana na fosfeti, chumvi ambayo seli huihitaji, kiasi kwamba seli huipokea kama mwenyeji, kisha utengenezaji wa nishati unavurugika. Nyingine, aseniti, ni kali zaidi. Hung'ang'ania salfa iliyo kwenye protini, na vimeng'enya, yaani protini zinazoendesha kazi za mwili, vile vinavyogeuza sukari kuwa nguvu, vinakwama. Kemikali kali zinazozalishwa huko huunguza DNA, na kwa miaka mingi ikaja saratani ya ngozi, mapafu au kibofu.

Hapo ndipo wauza virutubisho hukukuta. Binamu yangu alinunua seleniamu, madini ambayo mwili unayahitaji kidogo tu, kopo zima, na mzee akawa anameza vidonge vitatu kwa siku, akivisukuma kwa maji yaleyale ya kisima! Wazo lenyewe lina chembe ya ukweli. Mwaka 1938, Moxon wa South Dakota, Marekani, aliona kwamba panya waliolishwa nafaka yenye seleniamu ya kudhuru walinusurika walipopewa aseniki kwenye maji. Kwenye ini viwili hivi hushikana, vikasindikizwa na glutathioni, kemikali ya mwili wenyewe, vikatoka kwa njia ya nyongo. Lakini anayemtoa mwizi nje anatoka naye: seleniamu nayo inapotea. Mwili unaihitaji kuunda vimeng'enya vya kuzima zile kemikali kali, na aseniki hukishambulia kimoja wapo moja kwa moja. Mwenye lishe duni ndiye anayeishiwa mapema. Kula samaki na mayai ukiweza. Vidonge muulize daktari: mtu mzima anahitaji takriban mikrogramu 55 kwa siku, na ikipita 400 kwa muda mrefu, nywele hudondoka na kucha huharibika.

Ukipelekwa kupimwa, kipimo cha mkojo ndicho cha sumu ya siku za karibuni. Kwenye damu huondoka haraka mno. Usile vyakula vya baharini siku tatu au nne kabla, vina aseniki ya aina nyingine isiyo na madhara, nayo hukoroga majibu.

Maji ya kisima yakikutwa na aseniki, kufulia na kudekia endelea. Kunywa na kupikia acha, wali hasa, kwa kuwa mchele hunywa maji yote. Uji wa mtoto usikoroge humo hata siku moja. Pima tena kiangazi na masika. Vipande vya nguzo za umeme zilizotiwa dawa ya kijani usivipikie, nyingine zina aseniki na majivu yake ni balaa. Josho la ng'ombe la enzi za mkoloni usilime mchicha pembeni yake, enzi zile kupe waliuawa kwa dawa ya aseniki. Na ile karatasi ya ukutani, iteremshe uisome.