Matunda ya mwaridi: kazi yote iko kwenye kuchuja

Mwaridi wa mama yangu kule Kibosho umeegemea uzio wa masale, nyuma ya jiko. Maua yake ni ya pinki hafifu, petali tano tu. Yale yanayochanua masika inapoanza siyakati kwa ajili ya meza ya sebuleni, kwa sababu ukikata ua umekata na tunda lake. Nayaacha yapukutike. Pale petali zilipokuwa panabaki kidude cha kijani, na kufika baridi ya Julai kimekuwa chekundu, kinang'aa kama shanga. Hilo ndilo tunda ninalopikia sharubati.

Chuma yaliyo mekundu kabisa, yanayobonyea kidogo ukiyaminya. Yakiwa bado magumu, yalaze usiku mmoja kwenye friza, yatalainika. Usichume kwenye mwaridi uliopigwa dawa ya wadudu, hata matunda yawe mazuri kiasi gani. Huku kwetu Arusha na Moshi mawaridi mengi yanapulizwa dawa, kwa hiyo uliza kwanza.

Sasa pasua moja kwa kisu utazame. Nyama ni nyembamba, na katikati zimesongamana mbegu ngumu zilizofungwa kwenye vinyweleo vyeupe, vikavu. Vinyweleo hivyo vinawasha kama upupu. Mwaka wa kwanza nilichuja kwa chujio la chai. Mwanangu wa mwisho alikunywa nusu kikombe, akashinda anakohoa na kulalamika koo linawasha. Niliumia sana, na tangu siku hiyo nachuja kwa kitambaa cha marekani kilichokunjwa mara mbili. Nachuja, nasuuza kitambaa, nachuja tena.

Kwa nusu kilo ya matunda, chemsha lita moja ya maji. Tumia sufuria ya stili au ya enameli; ya alumini iache, maana matunda haya yana uchachu. Yaponde kwenye kinu, yatie kwenye maji yanayotokota, yakichemka tena epua. Funika dakika kumi na tano, kisha chuja. Makapi yarudishe motoni na nusu lita ya maji, uchuje vilevile. Changanya maji yote mawili, yachemshe bila mfuniko mpaka yabaki kama nusu lita. Tia sukari robo kilo na kidogo, koroga, acha itokote dakika tano. Mimina ikiwa moto kwenye chupa ndogo zilizochemshwa, na uziweke mbali na mwanga. Ukishafungua chupa, iweke kwenye friji na uimalize ndani ya wiki moja.

Kijiko kimoja kwenye maji ya uvuguvugu yenye tangawizi, basi. Ladha yake inanikumbusha ukwaju uliopunguzwa makali.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, machungwa yalipoadimika Uingereza, watu waliingia vichakani kuokota matunda haya yatengenezewe sharubati ya watoto, kwa sababu ya vitamini C. Sisi tuna mapera na machungwa pale sokoni Mbuyuni, hatuna shida hiyo. Mimi naipika kwa utamu wake na kwa baridi ya Kibosho.

Matunda ya kukausha kwa ajili ya chai hukatwa katikati, yakakwanguliwa mbegu na vinyweleo vyote, kisha yakaanikwa kwenye ungo kivulini.

Matawi ya juu sichumi. Shore huja asubuhi na mapema kula, na mbegu wanaziangusha huko waendako. Mwaka jana niliona mche mmoja umeota chini ya mgomba wa jirani.