Jinsi ya kuipata maana sahihi ya "interest" unapofasiri

Mwanafunzi anayeanza kufasiri akikutana na "interest" huandika "riba" na kusonga mbele. Wakati mwingine anapatia. Lakini nomino hii ya Kiingereza ina kazi kubwa nne: riba ya fedha, hamu ya jambo, maslahi ya mtu au kundi, na hisa au haki katika mali. Kiswahili kina neno kwa kila moja, kwa hiyo lazima uchague. Mimi huchagua hivi.

Hatua ya 1: Tazama kihusishi kinachofuata

"Interest on" karibu kila mara ni riba: "interest on a loan" ni riba ya mkopo. Mtego uko kwenye "interest in". "She has an interest in music" ni rahisi, anapenda muziki. Je, "She has an interest in the company"? Huenda anaifuatilia tu kampuni hiyo, huenda ana hisa zake. Sarufi haitakuokoa hapa, angalia aina ya hati. Kwenye mkataba au hukumu, anza kufikiria hisa. Ukiona "a controlling interest", hizo ni hisa za kutosha kumpa mtu kauli ya mwisho katika kampuni.

Kwenye ardhi "hisa" haifai. Mpangaji mwenye mkataba wa muda mrefu ana "interest in land", na benki iliyowekewa rehani pia inayo. Andika "haki" au "maslahi katika ardhi".

Hatua ya 2: Angalia umoja na wingi

Riba haihesabiki. Sema "The bank charges interest", si "an interest" wala "interests". Ukikopa shilingi 1,000,000 kwa riba ya 18% kwa mwaka, ukakaa miezi 6 bila kulipa, unadaiwa riba ya 90,000. Hata ikirundikana miaka kumi, Kiingereza hakiiongezei "s".

Ukiona "interests", fikiria maslahi. Isipokuwa kwenye wasifu wa kuombea kazi, ambako ni mambo unayoyapenda: soka, kusoma, kupika.

Hatua ya 3: Sikiliza kitenzi

"Pay", "earn" na "charge" huenda na riba. "Show", "take" na "lose" huenda na hamu. "Protect", "serve" na "represent" huenda na maslahi. "Declare an interest" ni kutangaza maslahi, kama diwani anavyotakiwa kusema kwamba kampuni inayojadiliwa ni ya shemeji yake.

Matangazo ya zabuni nayo yana "expression of interest". Hapo kampuni inaonesha nia ya kufanya kazi. Bei huja baadaye.

Hatua ya 4: Tenganisha anachotaka mtu na kinachomfaa

Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza zaidi. Ibara ya 53(2) ya Katiba ya Kenya ya 2010 inatanguliza "a child's best interests" katika kila jambo linalomhusu mtoto. Mtoto anaweza kutamani kuacha shule. Mahakama inapima malezi, usalama na elimu yake. Hapo ni maslahi au manufaa ya mtoto, na "hamu" ingegeuza sheria kuwa kichekesho.

Tahadhari kwa wasomaji wa Tanzania: "maslahi ya walimu" mara nyingi hueleweka kuwa mishahara na posho. Kama Kiingereza kinakusudia mapana zaidi ya hapo, "manufaa" ni salama zaidi.

Hatua ya 5: Ikibidi, itupe nomino

"I read your letter with interest" haihitaji nomino nzito: "Nimeisoma barua yako kwa makini." "It is in your interest to sign" ni "Ukitia saini utafaidika wewe." Na "disinterested" si mtu aliyechoshwa; katika matumizi makini ni asiye na upande, sifa tunayoitafuta kwa msuluhishi.

Jipime kwa sentensi hii: "It is in the public interest that committee members declare their interests before voting on interest rates." Yangu inasomeka hivi: "Ni kwa manufaa ya umma kwamba wajumbe wa kamati watangaze maslahi yao kabla ya kupigia kura viwango vya riba."