Kufufua nyumba ya udongo ya shambani, Lindi na Mtwara: kutoka paa mpaka banda la kuku

Mwongozo huu ni wa nyumba ya miti na udongo, upana wa mita 6 na urefu wa mita 9, iliyokaa tupu miaka kadhaa katikati ya mikorosho. Nyumba ya matofali mabichi hufuata hatua zilezile, isipokuwa ya nguzo. Nyumba hizi haziangushwi na umri. Huangushwa na maji yanayovuja kutoka juu na unyevu unaopanda kutoka chini, kisha mchwa wanaufuata unyevu huo. Kwa hiyo kazi yote inafuata njia ya maji: yazuie kwenye paa, yaondoe kwenye ukuta, halafu yaingize kwenye tangi yakuanzishie shamba.

Kabla ya kugusa chochote: panga msimu

Kusini mvua ni za msimu mmoja. Huanza Novemba au Desemba na kukoma Aprili au Mei. Pesa ya korosho nayo huanza kuingia Oktoba, minada ikifunguliwa, yaani mvua ziko mlangoni. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: pesa ikiingia tu wanaezua, mvua ya kwanza inakuta kuta ziko wazi. Ukuta wa udongo ukinyeshewa siku 3 mfululizo bila paa unaanza kumomonyoka, na ukishalowa hadi ndani haukaukii msimu huo.

Pesa ya Novemba inunue mabati, misumari na mbao. Vihifadhi pakavu, usiezue. Chokaa usiinunue mapema, kwa sababu ikikaa miezi kwenye mfuko inavuta hewa na kupoteza nguvu. Kuezua kuanze Juni, paa liwe limerudi kabla ya Agosti kwisha, kuta zipigwe lipu Septemba na Oktoba. Zungumza na fundi mapema pia. Mafundi wengi wa vijijini wana mikorosho yao, na kuanzia Juni asubuhi wanapuliza salfa, dawa ya ubwiri unga (ukungu wa mikorosho), umande ukiwa bado haujakauka. Ukipanga nao kazi ianze saa nne asubuhi hamtagombana.

Hatua ya 1: Kagua

Chukua bisibisi ndefu, timazi (uzi wenye kizito wa kupimia wima), futi ya kupimia na chaki. Nyumba iliyokaa tupu fungua milango na madirisha yote siku moja kabla, na uingie na viatu vya kufunika miguu; nyoka na nyuki huwa wamehamia. Kinyesi cha popo kinyunyizie maji kabla ya kukifagia, na ujifunge kitambaa puani, kwani vumbi lake ni baya kwa mapafu.

Choma kila nguzo sehemu 3: usawa wa ardhi, sentimita 30 juu yake, na kileleni inapokutana na boriti. Usawa wa ardhi ndipo nguzo huoza kwanza, kwa sababu hapo unyevu na hewa vinakutana. Bisibisi ikizama zaidi ya sentimita 1 bila nguvu, weka alama ya X. Ukiona vijia vya udongo vinavyopanda ukutani, vifuate mpaka vinapoishia. Mara nyingi juu yake kuna boriti iliyoliwa ndani huku nje ikionekana nzima. Igonge kwa nyundo usikie kama ina uwazi.

Shusha timazi kwenye kila ukuta. Ukuta wa unene wa sentimita 20 uliopinda zaidi ya sentimita 6 kutoka juu hadi chini, bomoa kipande hicho ukijenge upya. Nyufa nyembamba kama utando wa buibui ni za siriba tu, yaani udongo laini uliopakwa juu. Ufa wa mshazari unaotoka kona ya dirisha kushuka chini ni wa msingi uliotitia au nguzo iliyoshuka, na ukiuziba kwa udongo bila kushughulikia chanzo, utafunguka tena mvua ijayo.

Hatua ya 2: Nguzo

Kama paa litabadilishwa, toa mabati kwanza ili kupunguza uzito, lakini kenchi (fremu za mbao za paa) na boriti ziache zilivyo. Ndizo zinazoshikanisha kuta. Kama paa linabaki, liinue kwa nguzo za muda: mbili na mhimili juu yake, mita 1 ndani ya ukuta, na kabari chini. Gonga kabari mpaka uzito uondoke kwenye nguzo mbovu, basi. Ukiendelea kuinua, utapasua ukuta wa upande wa pili.

Badilisha nguzo moja kwa wakati mmoja. Chimba shimo la sentimita 30 kwa 30, kina 40. Mwaga zege la saruji 1, mchanga 2, kokoto 4, na ulinyanyue sentimita 15 juu ya ardhi. Ndani ya zege simamisha vyuma bapa 2 vya urefu wa sentimita 50, nusu ndani, nusu nje, ambavyo vitaikumbatia nguzo na kufungwa kwa bolti. Mwagilia zege siku 7 kabla ya kulibebesha uzito. Kwa nguzo 10 nunua mifuko 4 ya saruji ya kilo 50.

Faida kubwa ya zege hili ni kwamba nguzo haigusi udongo. Mchwa hazuiliki moja kwa moja, lakini sasa analazimika kujenga kijia juu ya zege mahali unapokiona, nawe unakikwangua. Ndiyo sababu usipange kuni wala kurundika mchanga kwenye zege hilo.

Mti wa nguzo uwe mgumu na uliokauka, kama mkongo, au nguzo za mkaratusi zilizotiwa dawa kiwandani. Mikoko inadumu sana lakini haikatwi bila kibali. Pale panapopatikana mafuta ya ganda la korosho, paka mara 2 kwenye nguzo na boriti, hasa kwenye miisho iliyokatwa, na uache wiki nzima zikauke. Ni kinga nzuri ya mchwa, ila yanaunguza ngozi vibaya: vaa glovu ndefu na miwani. Oili chafu ya magari hatuishauri. Inasaidia muda mfupi, kisha inachuruzika kwenye udongo ambao kesho utapanda mchicha.

Hatua ya 3: Paa

Ukuta wa udongo unahitaji paa linalotoka nje sentimita 70 pande zote. Nyumba ya mita 6 kwa 9 hivyo inakuwa na paa la mita 7.4 kwa 10.4 ukilipima kwa chini. Kwa mwinuko wa nyuzi 20, kila upande wa paa una urefu wa karibu mita 3.94. Bati la mita 3 halifiki, kwa hiyo ongeza kipande cha mita 1.2. Yalalishe kwa sentimita 20, na utabaki na sentimita 6 za kuchungulia kwenye mfereji. Bati linalofunika sentimita 75 likishalaliana, unahitaji 14 nzima na 7 za kukata kila upande. Jumla ni mabati 42 ya mita 3, na kofia 6 za mita 2 za kufunika kilele cha paa. Pima upana wa bati la dukani kwako kabla ya kulipa, maana hayalingani.

Chagua geji 28. Geji 30 ni nafuu, lakini hubonyea fundi anapokanyaga, na karibu na bahari kutu huikuta nyembamba mno. Msumari upigwe mgongoni mwa bati, kamwe si bondeni kunakopita maji. Kwenye kingo za paa piga kila mgongo wa pili, katikati kila wa tatu.

Sasa upepo. Lindi ilipigwa na kimbunga Aprili 15, 1952, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilileta mvua kubwa upande wa Kilwa. Upepo hauliangushi paa, unalinyanyua kutoka chini, hasa hili lenye upenu mpana. Msumari peke yake unachomoka kama ulivyoingia. Funga kila kenchi kwenye boriti kwa ukanda wa chuma au waya mnene ulioviringishwa mara kadhaa, funga boriti kwenye nguzo, na nguzo tayari imefungwa kwenye zege. Mnyororo huu ukikatika sehemu moja, kazi yote ya sehemu nyingine ni bure.

Hatua ya 4: Mfereji na tangi

Milimita 1 ya mvua kwenye mita ya mraba 1 ni lita 1. Paa hili lina mita za mraba 77 kwa chini. Ukitoa asilimia 20 inayopotea, mvua ya milimita 10 inakupa lita 616. Msimu wa milimita 900 ni zaidi ya lita 55,000. Hayo ndiyo maji yaliyokuwa yanakula ukuta wako.

Watu 5 wakitumia lita 7 kila mmoja kwa kunywa na kupika ni lita 35 kwa siku, au 6,300 kwa siku 180 za kiangazi. Tangi la lita 10,000 linatosha hayo, kuku, na kitalu kidogo. Kufua na kuoga kutafutiwe kisima au bomba. Juu kwenye uwanda wa Newala na Tandahimba, ambako maji ya ardhini yako mbali mno, ongeza tangi la pili kabla ya kufikiria kuchimba.

Tangi likijaa lina tani 10. Liweke juu ya mawe yaliyoshindiliwa na zege la sentimita 15, pana kuliko tangi kwa sentimita 30 kila upande. Likikaa kwenye mchanga mtupu litalalia upande mmoja na kupasua bomba la kutolea. Mfereji ushuke sentimita 1 kila mita. Maji ya kwanza ya kila mvua, karibu lita 40, yaende kwenye pipa dogo la kumwaga, kwa sababu ndiyo yenye vumbi, majani na kinyesi cha ndege.

Jambo moja la kwetu ambalo vitabu vya matangi havilitaji: salfa. Msimu wa kupuliza mikorosho, vumbi lake linatua kwenye paa. Chomoa bomba linaloingia tangini kuanzia Juni, na usilirudishe mpaka mvua 2 kubwa zimeosha bati.

Hatua ya 5: Chini ya ukuta

Zungushia nyumba mkanda wa mawe kimo cha sentimita 40. Ardhi iteremke kutoka ukutani sentimita 5 kwa mita 1, iishie kwenye mtaro. Usipande maua wala mgomba kwenye mita hiyo.

Hatua ya 6: Ukuta

Saruji inatengenezwa hapahapa Mtwara na ipo kila duka, ndiyo maana kishawishi cha kuipaka juu ya udongo ni kikubwa. Usifanye hivyo. Lipu ya saruji ni gamba gumu juu ya kitu kinachovimba na kusinyaa. Inapata nyufa, maji yanaingia na hayana pa kutokea, udongo nyuma yake unageuka uji, na misimu michache baadaye lipu inaanguka vipande vizima. Nyuma ya gamba hilo mchwa wanapanda bila kuonekana.

Anza kwa kukandika upya sehemu zilizobomoka. Udongo wa kichuguu 1, mchanga 2, na nyasi kavu zilizokatwa urefu wa vidole viwili. Loweka siku 3, kanyaga kila siku. Usiamini kipimo hiki bila kukijaribu, kwa sababu vichuguu havifanani. Paka viraka vya ukubwa wa sahani kwa 1:1, 1:2 na 1:3, subiri wiki. Chenye nyufa kina udongo mwingi, kinachopukutika ukikisugua kina mchanga mwingi.

Ukuta ukishakauka, lowanisha kidogo na piga lipu ya chokaa 1 kwa mchanga 3, unene wa sentimita 1.2. Kuta za nje, ukiondoa milango na madirisha, ni kama mita za mraba 64: ndoo 38 za mchanga za lita 20, ndoo 13 za chokaa, takriban mifuko 6 ya kilo 25. Mchanga utoke mtoni. Wa pwani una chumvi, na chumvi huvuta unyevu na kubandua lipu. Nunua chokaa ya mfuko, si ile inayochomwa kutokana na matumbawe yaliyong'olewa baharini. Miamba hiyo ndiyo mazalia ya samaki wa wavuvi wetu. Tundika magunia yaliyolowa juu ya lipu siku 7. Chokaa inakomaa polepole kwa hewa, na ikikaushwa na jua la Septemba inabaki unga. Ikikuingia jichoni, osha kwa maji mengi dakika 15 na uende zahanati.

Hatua ya 7: Shamba

Barabara ya moto ni ya kwanza: fyeka na ulime ukanda wa mita 4 kuzunguka shamba Juni, kabla nyasi hazijakauka. Moto mmoja wa Septemba unaweza kuondoka na mikorosho, mabati na banda kwa pamoja.

Mikorosho mikongwe usiing'oe kwa pupa. Baada ya mavuno punguza matawi yaliyosongamana na yaliyokufa. Ubwiri unga unastawi kwenye kivuli kizito. Wenye kuzaa kidogo miaka yote unaweza kukatwa shina na kubebeshwa vikonyo (vijitawi vya kupandikiza) vya aina bora, na kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, ndicho chenye utaalamu huo. Mapengo yapandwe kwa mita 12 kwa 12. Katikati weka mihogo, kunde na mbaazi mpaka matawi yakutane.

Banda la kuku 20 liwe mita 2 kwa 3, sakafu imenyanyuliwa mita 1 kutoka ardhini kwa ajili ya nguchiro na nyoka, mlango ukielekea nyumba. Chanjo ya kideri ya matone ni tone 1 jichoni kwa kila kuku, kila baada ya miezi 3. Ibebe kwenye chombo chenye barafu, ichanje asubuhi siku ileile unapoifungua, na uchanje kuku wazima tu. Aliyekwisha kuugua haimponyi. Weka raundi moja Oktoba, kabla kuku wa wageni hawajaanza kuletwa kwa sikukuu za Desemba. Kuku mpya yeyote akae peke yake wiki 2 kabla ya kuingia bandani.