Somo: Umeazima gari, bima ya nani inakulinda?

Gari lako lina bima kubwa, ile inayolipa hata uharibifu wa gari lenyewe, ila lipo kwa fundi. Msiba umetokea Lushoto, unachukua la shemeji, moyoni unajua bima unayo. Huna. Kwetu Tanzania bima hukatiwa gari, kwa namba yake na chesisi yake, haikatiwi dereva. Ukiliacha gari gereji Ngamiani, bima yako nayo imebaki gereji. Kinachokulinda njiani ni bima ya gari ulilokalia, kama linayo. Upenyo mmoja upo, nao uko hatua ya tatu, lakini ni mwembamba kuliko watu wanavyodhani.

Hatua ya kwanza: hakiki kabla hujawasha

Usiridhike na maneno "bima ipo". Stika sasa ni za kielektroniki. Ingia kwa simu mfumo wa TIRA MIS, ulio wa mamlaka inayosimamia bima nchini (TIRA), andika namba ya gari bila kuacha nafasi, kisha soma mambo manne: tarehe ya kuisha, kampuni, aina ya bima na chesisi. Chesisi ilinganishe na kadi ya gari, tarakimu kwa tarakimu. Herufi moja iliyokosewa na wakala siku ya kukata bima huonekana ndogo mpaka siku ya madai. Na bima haina siku ya huruma: ikiisha Jumamosi usiku, Jumapili asubuhi unaendesha gari lisilo na bima.

Hatua ya pili: nani anaruhusiwa, na kwa kazi gani

Hapa ndipo madai mengi hufia, kwa hiyo soma taratibu. Mwombe mwenye gari hati yenyewe, siyo stika tu. Tafuta kipengele cha dereva. Kwa gari binafsi mara nyingi husema hivi: mwenye bima, au mtu yeyote anayeendesha kwa agizo au ruhusa yake, ilimradi ana leseni halali ya aina hiyo ya gari. Ukikuta hivyo, umo. Lakini zipo hati zinazotaja madereva kwa majina, hasa za magari ya ofisi. Jina lako halimo, basi usiguse usukani.

Ruhusa iwe na ushahidi. Meseji moja inatosha: "Nakuruhusu kuendesha gari langu namba fulani, Ijumaa hadi Jumapili, Tanga hadi Korogwe." Siku ya ajali, mwenye gari akiwa hapatikani, meseji hiyo ndiyo itakayokusemea.

Leseni nayo iangalie tarehe na daraja. D inakutosha kwa gari dogo la binafsi. Haikutoshi kwa Hiace ya abiria, hata kama unaiendesha vizuri kuliko dereva wake. Hiyo inataka daraja la C linalolingana na idadi ya abiria.

Kisha matumizi. Gari lililokatiwa bima ya binafsi likibeba abiria wa nauli kutoka Kange kwenda Muheza limetoka nje ya mkataba, na kampuni ina haki ya kukataa. Mwisho, uliza kiasi ambacho mwenye bima huchangia kwenye kila dai. Hati nyingi huongeza mchango huo dereva akiwa kijana sana au leseni yake ikiwa mpya. Kubalianeni mapema nani ataulipa. Undugu mwingi umevunjika kwenye mchango huu kuliko kwenye ajali yenyewe.

Hatua ya tatu: upenyo ulio kwenye bima yako mwenyewe

Fungua hati yako ya bima kubwa, sehemu ya madai ya mtu wa tatu, yaani mtu mwingine uliyemdhuru njiani. Baadhi zina kifungu kinachomlinda mwenye bima akiendesha gari binafsi la mtu mwingine. Masharti yake ya kawaida: uendeshe wewe mwenyewe, siyo mkeo wala mwanao; gari lisiwe lako, wala usiwe unalilipia kwa mkopo wa kununua kidogo kidogo. Hati ikiwa kwa jina la kampuni, usitegemee kifungu hiki, maana kampuni haishiki usukani.

Kinalipa nini? Madhara ya wengine tu. Tuseme umegonga bajaji pale Pongwe kisha ukaingia mtaroni. Bajaji na majeruhi wake wanaweza kulipwa. Bampa, taa na rejeta la gari la shemeji ni mfuko wako. Wala kifungu hiki hakihalalishi gari lisilo na bima: sheria inataka gari linalotumika barabarani liwe na bima ya mtu wa tatu, na trafiki anakagua gari lililo mbele yake.

Hatua ya nne: ajali ikitokea

Okoa majeruhi kwanza, piga picha magari yakiwa bado mahali pake, ita polisi. Usikiri kosa wala kuahidi malipo pembeni ya barabara. Ahadi hiyo haiifungi kampuni, inakufunga wewe. Majeruhi watahitaji PF3, fomu ya polisi ya kutibiwa hospitali. Kwa madai, kampuni itataka fomu za polisi: PF 115 ya taarifa ya awali, PF 93 ya ukaguzi wa gari na PF 90 ya mwisho, pamoja na mchoro wa ajali. Anayefungua dai ni mwenye gari, kwa sababu mkataba ni wake. Wewe unatoa maelezo na nakala ya leseni. Fundi asifungue hata boliti moja kabla mkadiriaji wa hasara hajaliona gari.

Na tafadhali sana, msibadilishane dereva kwenye maelezo. Gari lenye bima halali na dereva mwenye leseni lingelipwa bila shida. Uongo huo mmoja ndio unaoliua dai.

Maswali ya wanachama

*Shikamooni. Nimebeba ndugu kwenda harusini Pangani kwa gari la kaka, wakanichangia mafuta. Hiyo ni biashara?*
Marahaba, mwanetu. Ndugu kuchangia mafuta ya safari yenu siyo sawa na kuita abiria. Ila ukimtoza kila kichwa bei uliyopanga, inasomeka kama nauli.

*Naazima gari niende Mombasa kupitia Horohoro. Bima ya hapa inavuka?*
Yenyewe haivuki. Mwenye gari aongeze Kadi ya Njano ya COMESA kupitia kampuni yake kabla ya safari, nawe ubebe barua yake ya ruhusa na kadi ya gari. Kadi ya Njano inashughulikia madhara ya mtu wa tatu; kwa uharibifu wa gari lenyewe, aombe bima yake kubwa ipanuliwe ifike Kenya.

*Dada zangu na kaka zangu, bima yangu ni ya gari. Nikiazima bodaboda?*
Kifungu cha hatua ya tatu kikitaja gari binafsi, pikipiki haimo. Tegemea bima ya bodaboda yenyewe, na leseni yako iwe na daraja la pikipiki.

*Nimenunua gari, kadi bado ina jina la aliyeniuzia. Bima yake ina miezi minne. Si natumia tu?*
Hapana, ndugu. Hilo si la kuazima tena. Yeye hana tena maslahi kwenye gari, na wewe huna mkataba na kampuni. Badilisha umiliki TRA, kisha kata bima kwa jina lako, au kampuni ikubali kwa maandishi kuihamishia kwako.

*Kampuni imekataa dai letu, tunaona imetuonea.*
Dai sababu ya kukataliwa kwa maandishi, itaje kipengele cha hati. Msiporidhika, pelekeni lalamiko kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima mkiwa na hati, fomu za polisi na ile meseji ya ruhusa.