Uchawi kwenye gemu ya mezani ukiuleta Dar: anza na masharti, radi baadaye

Wakuu, kuna vijana wameanza kuendesha zile gemu za kukaa kwenye mkeka, kila mtu ana mhusika wake, mmoja anasimulia wengine wanaamua wanafanya nini, alafu dadu zinaamua kama wamefaulu. Swali linalorudi kila siku ni hili, uchawi unauwekaje kwenye Dar ya leo yenye mwendokasi na simu janja bila gemu kufa. Naandika nilichojifunza kwa kuharibu.

Mimi nilianza kwa kuchukua uchawi wa Dungeons & Dragons kama ulivyo. Ile ya 1974 ndio mama wa gemu zote hizi, ila uchawi wake ulitengenezwa kwa ajili ya mapango na mazimwi huko porini, mchawi ana dawa zake za siku, zikiisha analala anaamka nazo tena. Nikauleta Kariakoo. Dakika ishirini tu, mhusika wa jamaa yetu mmoja kakwapuliwa simu mtaa wa Kongo saa sita mchana, yeye huyo katupa mpira wa moto. Nikakodoa macho. Wamachinga je? Polisi je? Nikajitetea eti hakuna aliyeona. Mtaa wa Kongo, saa sita mchana, hakuna aliyeona! Walicheka mpaka wakaaga wakaondoka.

Kosa langu lilikuwa kusahau kitu ambacho kila mtu hapa anakijua toka mtoto: ukienda kwa mganga, dawa haiji peke yake, inakuja na masharti. Usigeuke nyuma, usimsalimie mtu mpaka ufike kwako, usile bamia siku saba. Hapo ndipo gemu ilipo. Mtu akikuambia mhusika wake anaweza kufungua kufuli lolote inaboa, lakini akikuambia anafungua kufuli lolote ila hajawahi kumuitikia mtu anayemuita nyuma yake kwa sababu akiitika dawa inatoka, hapo ushapata stori ya wiki tatu maana adui akishajua anachotakiwa kufanya ni kuita tu.

Kwahiyo mchezaji akitaka uchawi muulize kapewa na nani (bibi yake, jini, mzimu, mganga wa Mbagala mwenye bango barabarani) na sharti lake nini. Sharti liwe kitu kinachomsumbua kwenye maisha ya kila siku. Dada mmoja kwenye kundi letu mhusika wake hatakiwi kuvuka barabara na mtu akiwa ameshikwa mkono. Unaona kitu kidogo, alafu akapewa mtoto wa kumlinda pale Manzese.

Upande wa dadu, zile za sura 20 za Dungeons kuzipata mjini ni kazi, sisi tunatumia mbili za ludo. Rusha, jumlisha. Kumi kwenda juu dawa imejibu safi. Saba mpaka tisa imejibu ila una deni. Sita kushuka chini imekurudia mwenyewe. Ukipiga hesabu, kwenye michanganyiko 36 ya dadu mbili, 21 inakupa saba au zaidi, yaani ni kama nusu na kitu. Sasa ongeza hivi: kama ameshika sharti lake toka gemu iliyopita apewe moja juu, zinakuwa 26 kati ya 36. Akiongeza na maandalizi ya kweli, ubani umefukizwa, kombe limeandikwa, muda umesubiriwa, apewe mbili kwa jumla, zinakuwa 30. Hapo utaona wachezaji wenyewe wanaanza kuwa na subira, hakuna tena mtu wa kurusha rusha moto.

Na deni liwe na mtu anayelidai. Usiseme umepoteza nguvu tatu, hiyo ni hesabu ya dukani. Sema yule jini kaja usingizini anataka kuku mweusi kabla ya Alhamisi, na leo Jumanne, na mfukoni una elfu mbili.

Ishu ya mashahidi sasa. Gemu nyingine ya aina hii, Mage: The Ascension ya 1993, ilishalifikiria hili, kule ukifanya uchawi wa waziwazi mbele ya watu wa kawaida uhalisia wenyewe unakuadhibu. Kwa Dar nimerahisisha: kila kamera ya simu iliyoelekezwa kwako inakutoa moja kwenye dadu, mwisho tatu. Lakini uchawi uliojificha ndani ya mambo yanayotokea kila siku hautoi kitu. Na mji huu kwa kujifichia ni balaa. Umeme ukikatika Tandale nani atashangaa? Foleni ikikwama Ubungo, mtandao ukizingua, muamala ukichelewa, mlango wa basi ukigoma kufunguka Magomeni Mapipa saa kumi na moja jioni watu wamebanana kama dagaa, kuna mtu atasema huyu ni mchawi? Watasonya tu. Mwambie mchezaji, usinielezee mwanga unaotoka mkononi, nielezee abiria wanalalamika nini.

Chuma ulete nayo usiiache, ni zawadi kwa msimulizi. Mama ana duka, anauza kutwa nzima, jioni akihesabu droo hela hazifiki, kila mtu mezani anaelewa bila maelezo. Sisi tulibishana usiku mzima kama inaweza kuvuta hela ya kwenye simu, maana M-Pesa ipo hapa toka 2008 na wateja wengi wanalipa kwa namba. Tukakubaliana hapana, inavuta noti zilizoshikwa na mkono tu. Basi uamuzi huo mmoja ukazaa kila kitu: wafanyabiashara wote wakahamia kwenye simu, mchawi akakosa riziki, ikabidi akafungue kibanda cha uwakala ili noti zimfuate mwenyewe. Hiyo hakuipanga mtu, mimi mwenyewe nilishangaa.

Maeneo yape tabia. Kariakoo jina lake linatokana na Carrier Corps, kambi ya wapagazi wa jeshi la Mwingereza wakati wa vita ya kwanza ya dunia, kwahiyo kwetu mizimu ya pale inabeba vitu, unaituma mzigo. Sanamu ya askari pale Samora imesimama toka 1927, tumesema haidanganyiki, ukisema uongo mbele yake dawa inakutoka. Maji ya chumvi yanakata ufuatiliaji, ndio maana ukifukuzwa unakimbilia pantoni. Daraja la Kigamboni lililofunguliwa 2016 halikati kitu, unapita juu kwa juu. Mchezaji mmoja alisahau akachukua bajaji darajani, sitaki kusema yaliyompata.

Serikali pia iweke. Sheria ya uchawi ipo toka 1928, na 2015 waganga wasio na kibali walipigwa marufuku, kwahiyo mganga wako kwenye gemu awe na kibali ukutani au awe anachungulia dirishani kila gari likisimama.

Kitu kimoja sikifanyii utani. Viungo vya watu havikai mezani kwangu. Watu wenye ualbino wameuawa kweli nchini hapa, vikongwe wameuawa kwa macho mekundu, hiyo sio gemu. Na kabla ya kuanza uliza kila mtu kwa utaratibu, kuna mwenzenu majini au kombe vinamkwaza kwa imani yake, mbadilishie jina muendelee.

Juzi tumemaliza hivi. Yule wa kufuli kafika geti la ghala Kurasini saa nane usiku, sharti kalishika, dadu tano na nne, jumla tisa, na moja juu kumi. Geti limefunguka kimya. Nikamwambia, nyuma yako unasikia sauti ya mama yako mzazi, anakuita jina lako la utotoni. Mchezaji kakaa kimya kama dakika nzima, chai yake inapoa. Alafu akaniuliza, "anaita kwa furaha au analia?"