Kupanda Maharage Kati ya Sukuma Wiki: Namna ya Kunufaisha Mizizi na Udongo

Wakulima wengi huambiwa kwamba maharage yakipandwa kati ya mistari ya sukuma wiki huilisha naitrojeni. Maelezo hayo ni kweli nusu. Naitrojeni inayonaswa hewani na bakteria wa rizobia, waishio katika vinundu vya mizizi ya maharage, hutumiwa kwanza na maharage yenyewe. Kiasi kidogo tu huifikia sukuma wiki mimea yote miwili ikiwa hai, na sehemu kubwa hupatikana baada ya mizizi na majani kuoza.

Chagua maharage mafupi yasiyotambaa ili yasiitie kivuli sukuma wiki. Pandikiza miche ya sukuma wiki kwa nafasi ya sentimita 60 kati ya mistari na 45 kati ya miche, kisha panda katikati mstari mmoja wa maharage, sentimita 15 kati ya mbegu na mbegu. Tumia samadi iliyooza vizuri. Ikihitajika mbolea ya kukuzia, iweke karibu na mashina ya sukuma wiki peke yake, kwa kuwa maharage yanayopata naitrojeni nyingi udongoni huunda vinundu vichache. Rizobia wa maharage hudhoofika katika udongo wenye asidi kali, hasa pH, yaani kipimo cha asidi, ikiwa chini ya 5.5, na hapo chokaa ya kilimo husaidia. Fosfeti ya Minjingu, mbolea ya fosforasi inayotokana na miamba ya Tanzania, kinyume chake huyeyuka vizuri katika udongo wenye asidi, hivyo usiiweke pamoja na chokaa.

Maharage yanapoanza kutoa maua, chimbua mimea michache kwa jembe bila kuing'oa kwa nguvu, uioshe mizizi na kupasua vinundu kwa ukucha. Rangi ya waridi ndani huonyesha kwamba bakteria wanafanya kazi. Nyeupe au kijani huonyesha kwamba hawafanyi. Usivichanganye na uvimbe wa minyoo fundo, minyoo midogo ya udongoni inayoshambulia mizizi: kinundu hubanduka kwa urahisi kikisukumwa kwa kidole, ilhali uvimbe wa minyoo ni mzizi wenyewe ulionenepa. Ukiuona uvimbe huo, usifuatishe nyanya hapo, kwa maana minyoo hiyo huishambulia pia.

Kuna faida nyingine isiyotajwa sana, nami naiona kuwa kubwa kuliko hiyo ya naitrojeni. Sukuma wiki, kama kabichi na jamaa zake wote, haishirikiani na kuvu wa mizizi wanaoifikishia mimea mingi fosforasi, na shamba linalopandwa jamii hiyo peke yake msimu hadi msimu hubaki na kuvu wachache. Maharage huwapa makao. Vitunguu, ambavyo mizizi yake ni michache na huwategemea sana kuvu hao, hunufaika vikifuata.

Wakati wa kuvuna, kata maharage usawa wa ardhi, uiache mizizi udongoni, na uyatandaze mabua na majani yasiyo na ugonjwa kati ya mistari. Kung'oa mmea mzima, kama ilivyo desturi, huondoa sehemu ya naitrojeni hiyo na kuvuruga nyuzi za kuvu. Tenga pia tuta moja la sukuma wiki pekee, lenye samadi na maji sawa, upime uzito wa majani ya kila mchumo. Maharage yakiinyima sukuma wiki maji wakati wa kiangazi, tuta hilo ndilo litakaloonyesha.