Gari ya umeme na joto la Tanga: namna ya kuchaji betri isichakae mapema

Kila nikipaki watu wananiuliza hii inachaji masaa mangapi, hakuna anayeuliza betri itadumu vipi, na pesa yote ya gari ndo imelala hapo. Mie natumia Nissan Leaf ya zamani, ile ya kilowati-saa 24, yaani yuniti 24 za umeme, imekuja mtumba kutoka Japani, betri yake haina maji ya kupooza wala feni, inapoa kwa upepo wa njiani tu. Sasa changanya na joto letu la kaskazi, Desemba mpaka Machi, uone kazi.

Betri ya lithiamu haipendi joto na haipendi kukaa imejaa, vikikutana vyote viwili ndo inajila yenyewe taratibu hata kama gari hujaitoa. Yani ukiijaza asilimia mia alafu ukaiacha juani kutwa pale Ngamiani umeiumiza bure. Siku za kawaida, Raskazone mjini na kurudi, naiweka chaji ikifika 20 au 30 nakata kwenye 80. Mia ni siku ya Muheza tu, maana kwenda na kurudi ni kilomita 70 na ushee, na hapo naipigia hesabu ijae alfajiri, nakunywa chai naondoka. Taima ya kuchaji ipo kwenye menyu, ila imeandikwa Kijapani mwanzo mwisho, nilielekeza kamera ya simu ikanitafsiria.

Kama yako ni ya Kichina yenye betri ya LFP, aina ya lithiamu yenye chuma na fosfati, hayo ya themanini yasikusumbue sana, hizo zinavumilia, na wengi wanashauri uijaze mia mara moja kwa wiki ili gari isome asilimia vizuri. Angalia kitabu cha gari lako.

Chaji usiku. Soketi ya volti 230 na chaja ya ampea 10 unapata kilowati 2.3, kwa hiyo kutoka 20 mpaka 80 ni yuniti 14 na kitu, weka na zinazopotea, LUKU inakula kama 16, masaa saba hivi. Ukichomeka saa nne usiku, saa kumi na moja alfajiri tayari, na hewa imepoa. Ukitoka safari ndefu iache kwanza saa moja au mawili ipumue ndo uchomeke. Na angalia yuniti kabla hujalala, mie nishaamka nikakuta gari ina 34 na mita inalia, umeme nao ni waja leo waondoka leo.

Sasa waya, hapa ndo nawasihi jamani. Pasi unaipiga nusu saa basi, gari linavuta ampea 10 usiku kucha bila kupumzika. Nilianza na ekstensheni ya bei rahisi, tena nimeiacha imeviringwa, asubuhi plagi imelainika imegandana na soketi, bahati tu nyumba haikuungua. Muite fundi umeme akuvutie laini yake peke yake kutoka kwenye meinswichi, waya usipungue milimita za mraba 2.5, breka yake na ethi ya kweli, ule waya unaokwenda ardhini, kuna chaja ambazo bila ethi zinagoma kabisa. Chaja iliyokuja na gari muoneshe kwanza, za Japani zimetengenezwa kwa umeme wa kwao, volti 100 au 200. Baada ya nusu saa shika plagi, ikiwa moto chomoa. Na sisi wa karibu na bahari chumvi inakula kila kitu, kagua pini za plagi mara kwa mara, ukiona kutu ya kijani badilisha, usikwangue ukaendelea.

Ukisafiri wiki mbili tatu iache kwenye 50 hivi, kivulini, usiiache kwenye chaja. Alafu kuna betri ndogo ya volti 12, wengi hawajui kama ipo, ikifa gari haliwaki hata kama ile kubwa imejaa, kwa hiyo funguo muachie mtu aliwashe mara moja moja.